Nyuma ya Mrima: Makazi ya Kale ya Kibaha na Kisarawe

Mwenye hamu ya magofu huenda Kaole au Kilwa, akakuta misikiti ya matumbawe na chokaa. Kibaha na Kisarawe hazina la kumwonesha. Wazaramo, wenyeji wake, walijenga kwa miti, fito, udongo na makuti, na mchwa habakizi kitu. Anayetaka kuisoma nchi hii sharti ainame, maana sehemu kubwa ya historia yake imo ardhini.

Mmoja wa walioinama ni Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka ya 1980 alichimba Limbo, kusini mwa jiji hilo, enzi ambazo Mkuranga haijawa wilaya na eneo lile lilihesabiwa la Kisarawe. Alikuta mavi ya chuma na vigae vya vyungu vya wafua chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Kwa Chami, miji ya pwani ilichipuka kwa wakulima na wahunzi kama hao; haikuletwa na jahazi ikiwa imekamilika. Wako wanaombishia kuhusu mengine, lakini kwa hili nasimama upande wake.

Karne ya 19 kilichochimbwa ni sandarusi, utomvu wa miti uliozikwa mchangani miaka mingi hata ukawa mgumu kama jiwe. Wazaramo waliifukua, wakaiteremsha Mrima, yaani pwani, kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ikavuka hadi Unguja, na sehemu yake kubwa ikaishia Salem, Massachusetts, kutengenezewa vanishi. Meza za Marekani ziling'aa kwa jasho la Uzaramo, na sijaona kibao chochote kinachosema hivyo.

Vijiji vya bonde la Ruvu, mto ambao wageni waliuita Kingani, vilikaa juu ya njia ya misafara, na wakubwa wake walidai hongo, yaani ushuru wa kupita. Heshima yao ilitoka katika jina la Pazi. Masimulizi yanasema Pazi alishuka na watu wake kutoka bara, akawasaidia Washomvi wa pwani kuwafukuza Wakamba, na tangu hapo akawa na haki ya kupokea ada. Si kila mgeni alipita salama: mwaka 1845 mpelelezi Mfaransa, Eugène Maizan, aliuawa katika kijiji cha Dege la Mhora. Miaka 12 baadaye mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipita njia hiyo, akalalamikia hongo kurasa kwa kurasa.

Majengo ya mawe yaliletwa na wamisionari. Wabenedikti wa Ujerumani walikaa Pugu mwaka 1888. Januari 13, 1889, katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, kituo kikachomwa na watatu wao wakauawa. Walutheri wa Berlin walifungua Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895. Mwaka 1905 reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam, ikapanda Pugu na kuelekea Soga na Ruvu. Mwaka huohuo Majimaji ilizuka, na chanzo kimojawapo kilikuwa mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Kwa vita hivyo Kibasila, mkubwa wa Kisangire, alinyongwa na Wajerumani. Kwao hakuacha jumba. Jina lake liko juu ya lango la shule ya sekondari jijini Dar es Salaam.

Shule ndizo zilizofuata. Chuo cha Mtakatifu Andrea kilichozaliwa Kiungani, Unguja, kilihamia Minaki, Kisarawe, miaka ya 1920. Pugu, ambayo mipaka ya leo imeiweka Ilala, ilipata Chuo cha Mtakatifu Fransisko, alikofundisha Julius Nyerere hadi alipoacha kazi mwaka 1955 ili aitumikie TANU.

Kibaha ilichelewa kuliko zote. Mwaka 1963 Tanganyika na nchi za Nordiki zilikubaliana kujenga pale kituo chenye sekondari, afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa serikali, nacho ndicho Shirika la Elimu Kibaha. Mipango yake ilichorwa na watu wa nchi za theluji, na kwa umri wake majengo yake sasa nayo ni ya kihistoria, ingawa wanaopita barabara ya Morogoro huyaona kama shule tu.

Nje ya uzio wake, nyumba nyingi bado zina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma. Makuti yamekuwa bati, fito zimekuwa tofali. Ramani haijabadilika.