Misumari na Nyumba za Mbao za Goma

Historia ya parokia huandika kwanza majina ya waanzilishi na hesabu ya ubatizo. Sisi tutasema juu ya misumari.

Volkano ya Nyiragongo ilitapika moto tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, tena tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002. Mara hii ya pili mto wa moto ulipita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu, ukaangamiza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, na watu zaidi ya 100.000 wakakosa makao. Juu ya mawe meusi yaliyopoa wengi walijenga tena kwa mbao, wala si kwa umaskini tu. Kuchimba msingi katika mwamba ule ni taabu. Nyumba ya mbao yaweza kubomolewa na kuhamishwa. Na ardhi ikitetemeka, ukuta wa mbao huyumba pale ambapo matofali hupasuka.

Lakini kuyumba bila kuanguka kuna sharti lake. Ukuta wa namna hii mara chache huanguka kwa sababu mti umevunjika. Huanguka kwa sababu viungo vimeachana. Upepo au tetemeko husukuma nguzo ubavuni, nazo hulala kama ganda tupu la kiberiti. Kinachozuia ni ubao wa mshazari, nao hauna nguvu kuliko misumari yake. Ubao ulioshikwa na msumari mmoja huzunguka kama mlango kwenye bawaba; misumari miwili iliyoachana huuzuia.

Mti wetu ni mkaratusi, na mara nyingi hupigwa misumari ungali mbichi. Ukikauka husinyaa, nyuzi zake hulegea, na msumari hupoteza sehemu kubwa ya mshiko wake. Msumari uliopigwa karibu mno na ukingo hupasua ubao. Fundi mwangalifu hutoboa kwanza tundu jembamba. Uliopigwa katika ncha ya nguzo, ukifuata nyuzi, huchomoka upesi. Ukizikata nyuzi, hushika. Na urefu? Theluthi moja ikae katika ubao, theluthi mbili katika nguzo.

Hayo mafundi wanayajua. Shida ni kwamba misumari hununuliwa kwa kilo, na mwenye nyumba huona afadhali kupunguza hapo. Tena, nyumba ikibomolewa, watoto huokota misumari iliyopinda na kuinyosha kwa nyundo. Tusiwacheke: misumari ilipokuwa ingali ikifuliwa mmoja mmoja na wahunzi, watu wa koloni la Virginia, Marekani, walichoma nyumba walizoziacha ili waokote misumari majivuni, hata sheria ya 1645 ikawakataza. Ila kwetu msumari wa kale una adui mwingine. Moshi wa mlima hutia asidi katika mvua, na mvua hiyo hula mabati na misumari pia. Ule uliopakwa zinki hudumu zaidi.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 mlima ulitapika tena, na kwa siku nyingi ardhi ilitetemeka. Vyumba vyetu vya katekisimu ni vya mbao. Kiangazi kijacho, mbao zikiisha kukauka, mafundi watapita ukuta kwa ukuta, wakianza na mishazari.