Zinki Juu ya Bati: Historia ya Paa la Nakivale

Habari za mabati nchini Uganda huanziwa kwenye reli. Ni kweli kwamba reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo mizito ilipata njia nyepesi ya kufika ziwani na kuvushwa. Hata hivyo, insha hii inashikilia kuwa reli ilibeba tu. Kilicholiwezesha bati kudumu huku ni zinki.

Mwaka 1829 Henry Palmer, mhandisi wa London, alipata hataza ya kuvipa vipande vya chuma migongo. Migongo ilikipa chuma chembamba nguvu, lakini haikuzuia kutu. Jibu lilitoka Ufaransa mwaka 1837, Stanislas Sorel alipopata hataza ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa.

Rangi ikikwaruzwa, kutu huingia hapo hapo na kutambaa chini yake. Zinki ikikwaruzwa huliwa yenyewe kwanza, na chuma kilicho jirani husalimika. Ndiyo maana tundu la msumari haliozeshi bati zima. Lakini tabaka hilo huisha: huisha upesi Mombasa kwenye hewa ya chumvi kuliko Mbarara, na huisha upesi popote likiwa jembamba. Dukani watu huulizia geji, yaani unene wa bati (geji 32 ni nyembamba kuliko 28). Kiasi cha zinki ni nadra kuulizwa, nacho hakionekani kwa macho. Bati jipya lote hung'aa.

Jambo hili lina uzito wake ukitoka Mbarara kupitia Kabingo hadi Nakivale. Makazi hayo yalianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Mgeni huanza na turubai, na turubai humtangaza kuwa yuko safarini. Anayeezeka bati amekubali, kwa hiari au kwa kuchoka, kwamba kurudi kwao si kesho. Huenda ameuza mahindi misimu kadhaa kulipata. Likiwa na zinki haba, kutu huanzia pale mabati mawili yanapolaliana na maji kutuama, mahali asipopaona, na habari humfikia usiku wa mvua, juu ya godoro la watoto.