Mapadri wa Viwandani nchini Ufaransa

Mwaka 1943 mapadri wawili wa Paris, Henri Godin na Yvan Daniel, walichapisha kitabu kilichouliza kama Ufaransa nayo haikuwa nchi ya kupelekewa wamisionari. Swali hilo liliwashtua wengi, kwa kuwa shirika la Kifaransa ndilo lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na Ufaransa ilikuwa bado ikituma mapadri Afrika na Asia.

Watu waliozungumziwa ni wafanyakazi wa vitongoji vya viwanda. Wengi walikuwa wamebatizwa utotoni, na hawakuwa na ugomvi na Mungu. Ila habari zake hazikuwahusu. Godin hakuwalaumu wao peke yao. Aliona kwamba mfanyakazi akitaka kusali ilimbidi kwanza aige tabia za matajiri waliojaa parokiani na kuwapa kisogo wenzake.

Hata kabla ya kitabu hicho, padri Mdominikani Jacques Loew alikuwa ameanza kazi ya ukuli kwenye bandari ya Marseille mwaka 1941. Vita vya Pili vya Dunia navyo vilifungua njia nyingine. Vijana wa Kifaransa walipopelekwa kwa nguvu kwenye viwanda vya Ujerumani, mapadri wapatao 25 waliwafuata kwa siri, wakijifanya vibarua. Huko waliishi na watu ambao hawakuwahi kuzungumza na padri hata siku moja.

Kadinali Suhard, askofu mkuu wa Paris, aliliunga mkono wazo la mapadri kuishi na kufanya kazi kama wafanyakazi. Mapadri walivua kanzu, wakapanga vyumba mitaa ya wafanyakazi, wakapokea mshahara uleule wa wenzao na kuadhimisha misa jioni juu ya meza ya chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walifika takribani 100. Hawakwenda kuhesabu waongofu. Walijiunga na vyama vya wafanyakazi na kugoma pamoja nao, na hapo ndipo Roma ilipoingiwa na hofu ya ukomunisti. Waliamriwa kuacha kazi ifikapo tarehe 1 Machi 1954. Karibu nusu yao walikataa. Katazo lilikazwa mwaka 1959, likaondolewa 1965.

Amri hizo hazikumgusa Madeleine Delbrêl, mwanamke Mkatoliki aliyeishi vivyo hivyo kati ya wafanyakazi, kwa sababu alikuwa mlei. Ujanani alikuwa amemkana Mungu kabla ya kuongoka. Mwaka 1933 alihamia Ivry, mji uliotawaliwa na wakomunisti, akawa ofisa ustawi wa jamii na kushirikiana nao kuwahudumia maskini. Hakujiunga na chama chao, na kuhusu imani aliwapinga waziwazi, lakini mlango wake haukufungwa kwa yeyote. Alibaki huko hadi kifo chake mwaka 1964.

Makanisa ya vitongoji hivyo hayakujaa. Hata hivyo, kwa kuwa kipimo cha mapadri na Delbrêl kilikuwa kuishi na wafanyakazi bila kuwadai chochote, Delbrêl alifanikiwa kuliko mapadri wenyewe: miaka 31, mji uleule.