Waislamu wa Ziwa Tanganyika katika filamu: nani alionyeshwa, nani aliachwa

BARAKA – Maji yaliyo kati ya mji wa Baraka na rasi ya Ubwari yana jina la mgeni. Kwenye ramani yanaitwa Ghuba ya Burton. Richard Burton alikuwa Mwingereza. Mwezi wa Aprili 1858, yeye na mwenzake John Speke walipita Ubwari kwa mitumbwi wakitokea Ujiji, wakielekea Uvira kutafuta chanzo cha mto Nile. Mwaka 1990 safari yao ikatengenezewa filamu, "Mountains of the Moon", ya mwongozaji Mmarekani Bob Rafelson.

Filamu hiyo inaeleza urafiki na ugomvi wa Wazungu wawili. Lakini Burton na Speke hawakufungua njia yoyote. Walifuata njia ya biashara iliyokuwa inatumika zamani, na wengi wa waliowaongoza na kuwalinda walikuwa Waislamu. Huko Tabora walipokelewa nyumbani na Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Oman, aliyewaeleza habari za maziwa kabla hawajayaona. Kiongozi wa msafara alikuwa Said bin Salim wa Zanzibar. Walinzi wao Wabaluchi walitolewa na Sultani. Mtu wa kazi zote, mkalimani na mpatanishi, alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru. Bombay yumo katika filamu, lakini hadithi si yake. Mtazamaji hutoka akijua nani alimkosea nani kule London, bila kujua nani aliwalisha wageni hao njiani.

Si filamu moja tu iliyofanya hivyo. Tangu sinema ianze, Muislamu wa sehemu za ziwa na Maniema huonyeshwa kwa sura mbili: mwenye minyororo na bunduki anayekamata watumwa, au mtu wa nyuma asiye na jina anayebeba mzigo wa Mzungu. Sura ya kwanza ina ukweli ndani yake, na ukweli huo usifichwe.

Biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliumiza sana nchi iliyo kati ya ziwa na mto Lualaba. Vijiji vilichomwa, watu walifungwa na kuvushwa ziwa mpaka Ujiji, wengine wakafika Zanzibar. Tarehe 15 Julai 1871, kwenye soko la Nyangwe, watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki katikati ya umati uliojaa akina mama waliokuja kuuza vyakula. Wengi walipigwa risasi, wengine wakafa maji wakijaribu kuvuka mto. David Livingstone aliona kwa macho yake, na alichoandika kilitikisa Uingereza.

Lakini Livingstone huyohuyo aliishi kwa msaada wa wafanyabiashara Waislamu. Mwaka 1869 alipougua sana, Muhammad Bogharib ndiye aliyemtunza na kuagiza abebwe mpaka Ujiji. Bogharib naye alikuwa katika biashara ile ya pembe na watumwa. Mtu mmoja, mambo mawili. Mwaka 1939 Hollywood ilitoa "Stanley and Livingstone" ya Henry King, Spencer Tracy akiwa Stanley. Filamu hiyo imejengwa juu ya Wazungu wawili wanaokutana Ujiji. Deni la Livingstone kwa Bogharib halikupata nafasi katika hadithi ya namna hiyo, kwa sababu lingemlazimisha mtazamaji kufikiri mara mbili.

Ilikuwaje sura ya mwenye minyororo ikashika nguvu hivyo? Jibu liko katika siasa za Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwaka 1887 Leopold alimpa Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kama Tippu Tip, cheo cha gavana wa Stanley Falls, pale ilipo Kisangani leo. Yaani mfalme aliyejitangaza adui wa utumwa alimwajiri mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa Maniema. Mwaka uliofuata, Kardinali Lavigerie alizunguka miji ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, na michango ikakusanywa. Miaka michache baadaye biashara ya pembe ikawa ugomvi wa waziwazi. Kuanzia 1892 mpaka 1894 askari wa Leopold wakiongozwa na Francis Dhanis walipigana na Waswahili na Waarabu. Nyangwe na Kasongo ziliangushwa mwaka 1893. Upande wa ziwa, Rumaliza, bwana wa Ujiji aliyekuwa na watu wake mpaka Uvira, naye alishindwa.

Vita hivyo vilielezwa Ulaya kuwa vita vya kuwakomboa watumwa. Waliopigana pande zote mbili, kwa sehemu kubwa, walikuwa Wakongomani. Na baada ya ushindi, wakaaji hawakupata uhuru. Walipata kodi ya mpira wa msituni, viboko na mikono iliyokatwa katika sehemu nyingi za Kongo. Huko Brussels, katika bustani ya Cinquantenaire, mnara uliozinduliwa mwaka 1921 unasifu jeshi la Ubelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mfanya utumwa. Baadaye neno "Mwarabu" lilifutwa kwa patasi kwa sababu ya malalamiko.

Vita viliisha 1894. Mwezi wa Desemba 1895 ndugu wa Lumière walionyesha sinema yao mjini Paris. Kamera ilikuta hadithi imekwisha andikwa: Mwarabu mbaya, Mzungu mkombozi, Mwafrika asiyesema. Waliotengeneza filamu baadaye waliichukua kama ilivyo.

Walioachwa nje ya picha hiyo ni wengi. Njia ya watumwa ndiyo njia iliyoleta pia Kiswahili, lugha inayosikika leo sokoni Baraka, kanisani, msikitini na redioni. Ilileta mchele Kasongo, nguo za kushona, na maandishi ya Kiarabu. Uislamu ulienea kupitia ndoa, urafiki, kazi za msafara na walimu wa chuo cha Kurani. Wabelgiji waliwaita Waislamu hao watu waliofanywa Waarabu, kana kwamba wamekoma kuwa wa kwao. Lakini walikuwa Babwari, Babembe, Babangubangu na wengine, wenye mashamba na makaburi ya babu zao hapahapa. Wengi wao walitoka katika familia zilizoonja utumwa. Chini ya serikali ya kikoloni, msaada wa serikali kwa shule ulikwenda kwa misheni, na watoto wengi wa Kiislamu wakabaki nyuma katika elimu. Hakuna filamu kubwa iliyosimulia habari za mtoto huyo.

Mwaka 1966 ilitoka filamu ya Waitaliano Jacopetti na Prosperi, "Africa Addio". Ndani yake mna picha zilizochukuliwa kutoka ndege juu ya Zanzibar, baada ya mapinduzi ya Januari 1964: mistari ya watu wanaokimbia na maiti zilizolala chini. Msimulizi anasema hao ni Waarabu waliouawa. Hakuna hata mmoja mwenye jina. Katika filamu hiyohiyo kamera inafika Kongo pamoja na mamluki, na Wakongomani nao wanakufa bila majina. Mamluki wa vita hiyohiyo walifika pia Fizi. Mwaka 1965, kikosi cha Mike Hoare kilitua Baraka kuwapiga Simba. Mwarabu wa Unguja na mwanakijiji wa Kongo walikutana katika filamu moja, wote wakitazamwa kutoka mbali.

Ukitaka kusikia wenyewe wakisema, ushahidi upo. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha miaka ya 1902 na 1903. Si maneno ya malaika. Anaeleza vita na faida zake bila kuomba radhi, lakini ni mtu kamili mwenye hesabu, madeni na ujanja, si kivuli chenye kilemba. Na mwaka 2021 mwongozaji Mtanzania Amil Shivji alitoa "Vuta N'Kuvute", kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950. Msichana Yasmin anaikimbia ndoa aliyoozwa, anampenda Denge, kijana anayepinga ukoloni. Waislamu katika filamu hiyo wanapenda, wanagombana, wanaogopa polisi. Wanasema Kiswahili, na mtazamaji wa Fizi anawasikia bila mkalimani.

Jambo hili si la zamani tu. Tangu 2014 wakaaji wa Beni wameuawa kwa wingi na waasi wa ADF, na kuanzia Aprili 2019 kundi la Dola ya Kiislamu limekuwa likidai mashambulizi yao. Video zao huzunguka katika simu. Anayeziona bila kujua mengine anaanza kumwogopa jirani yake anayekwenda kusali Ijumaa. Lakini mwezi wa Mei 2021, imamu mmoja wa Beni aliyewapinga waasi hao hadharani alipigwa risasi ndani ya msikiti wakati wa sala. Picha ya muuaji ilikwenda mbali kuliko picha ya imamu.

Familia zilizohama Bibokoboko tangu 2021 zinaelewa jambo hili bila kufundishwa, na vivyo hivyo familia za jamii zote za Fizi zilizokimbia vijiji vyao. Mtu anafika ugenini, na jina lililotungwa na wengine limemtangulia. Hapo haulizwi alilima nini wala alimzika nani. Anaulizwa ni wa kabila gani, kisha anahukumiwa kwa video moja ya sekunde thelathini.

Kwa hiyo filamu au video inapoonyeshwa, maswali matatu yanafaa: nani ameshika kamera, nani ametajwa kwa jina, na nani yumo lakini hasemi? Kutoka Baraka mpaka Kazimia na Kabambare wapo wazee, Waislamu na Wakristo, wanaokumbuka walivyosimuliwa na babu zao juu ya njia ya Ujiji, ya machungu na ya mema. Simu inayopokea video za chuki inaweza pia kurekodi sauti ya mzee huyo. Wazee wanapungua kila mwaka, na kambini wanapungua haraka zaidi.