'Kusitasita' si 'ukigeugeu': Tofauti isiyofaa kupuuzwa

KATIKA mazungumzo ya kila siku, hususan yahusuyo siasa, mtu anayechelewa kutoa uamuzi huitwa kigeugeu. Matumizi hayo yana kasoro, kwani humtwisha mhusika lawama asiyostahili.

Kitenzi kinachomfaa mtu huyo ni kusita, yaani kusimama kidogo kabla ya kutenda au kusema, kwa sababu ya shaka, hofu au tahadhari. Shahidi aliyenyamaza kitambo kabla ya kujibu swali mahakamani amesita. Hajabadili ushahidi wake.

Kitenzi hicho kikirudufiwa kuwa kusitasita, huonyesha kuwa hali hiyo inajirudia, kama ilivyo kwa yumba na yumbayumba. Anayesitasita hukaribia uamuzi, akarudi nyuma, kisha akaukaribia tena.

Neno hili lisihusishwe na sita ya hesabu, ambayo asili yake ni Kiarabu. Yanafanana kwa sauti tu.

Kigeugeu, kwa upande wake, latokana na dhana ya kugeuka. Huyu haoni taabu kuamua: huamua, akatangaza, kisha akabadili pasipo sababu ya maana. Ingawa nomino hiyo yaanza na ki-, upatanisho wake katika Kiswahili sanifu ni wa viumbe hai: kigeugeu huyu amebadili kauli, vigeugeu hawa wamebadili kauli.

Yupo pia ndumakuwili, jina la nyoka anayesemekana kuuma kwa pande zote mbili. Mtu aitwaye hivyo huwaonyesha watu wa pande mbili sura mbili kwa wakati mmoja.

Hivyo, mbunge ambaye bado hajajua ataipigia hoja kura gani anasitasita. Aliyeiunga mkono asubuhi na kuipinga jioni bila kutoa sababu ni kigeugeu. Aliyewaahidi kura yake wanaoiunga mkono na wanaoipinga ni ndumakuwili. Wa kwanza anahitaji muda na maelezo. Wengine wawili wanapaswa kuulizwa kuhusu uaminifu wao.

Kutokana na sita hupatikana pia sitisha, yaani kufanya jambo lisimame. Kusitisha mapigano ni kuyasimamisha, na huenda yakaanza tena. Kuyakomesha ni kuyamaliza. Hata hivyo, katika barua za ajira neno kusitisha huandikwa pia kwa maana ya kumaliza kabisa. Kwa anayeipokea barua hiyo, tofauti hiyo ndiyo riziki yake, hivyo ni vyema mwandishi aeleze wazi anachokusudia.

Wahenga walionya kuwa mshika mbili moja humponyoka, lakini walisema pia kuwa haraka haraka haina baraka. Kusitasita kupita kiasi ni udhaifu. Kusita mara moja, kabla ya kutia saini au kutoa hukumu, kwaweza kuwa busara.