Mto Ruvubu na umeme wa Rusumo: nani anapata, nani analipa?



Tukisikia neno bwawa, au baraji kama wengi wetu tunavyosema, mawazo yanakimbilia Misri na Aswan, au siku hizi Ethiopia. Kumbe sisi wa Gitega na Muyinga tunalo letu, ila limejengwa nje ya mpaka, kwa maji yanayotoka kwetu.

Tuanze na maji yenyewe. Ruvyironza inaanzia Rutovu, kusini, pale ambapo Mjerumani Burkhart Waldecker alijenga piramidi ndogo mwaka 1938 kuonyesha chemchemi ya mbali zaidi ya Nile upande wa kusini. Inapita mkoa wa Gitega na kuingia Ruvubu. Ukitoka Gitega mjini kwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi, lazima uvuke Ruvubu. Kisha mto unazunguka, unapita kwenye hifadhi ya wanyama ya Ruvubu wenye viboko na nyati, unaingia Tanzania, na karibu na maporomoko ya Rusumo unakutana na Kagera inayotoka Rwanda.

Burundi ilikuwa na mabwawa yake kabla ya hapo. Kwenye Ruvyironza, Gitega, kuna mtambo wa miaka ya 1980 ambao haufiki hata megawati 2. Mkubwa wa zamani ni Rwegura, kule Kayanza pembeni ya msitu wa Kibira, megawati 18, ulioanza mwaka 1986. Ule una ziwa la kuhifadhi maji, kwa hiyo mvua ikichelewa, ziwa linashuka na taa za mjini zinazimika. Waliokaa Bujumbura wanalijua hilo bila kuelezwa.

Rusumo ni hadithi ndefu. Tarehe 24 Agosti 1977, Burundi, Rwanda na Tanzania zilisaini mkataba wa kuunda shirika la bonde la Kagera. Uganda ikajiunga mwaka 1981. Umeme wa Rusumo ulikuwa ndoto yao kubwa. Karatasi ziliandikwa nyingi, lakini hakuna kilichojengwa. Halafu ikaja 1993 kwetu, na 1994 kwa majirani. Mwisho wa Aprili 1994, watu karibu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Chini ya daraja mto ulikuwa unabeba maiti mpaka Ziwa Viktoria. Ndiyo maana wazee wengine hawapendi kusikia jina Rusumo, umeme au si umeme.

Shirika lile lilivunjwa mwaka 2004, lakini mpango uliendelea chini ya ushirikiano wa nchi za Nile. Mwaka 2013 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 340, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaingia kwenye upande wa nyaya. Ujenzi ulianza 2017, na kuelekea mwisho wa 2023 mashine zikawa zinatoa umeme. Jumla ni megawati 80, zinagawanywa sawa kwa nchi tatu. Kila nchi inapata kama 26.7, yaani fungu la Burundi peke yake linaishinda Rwegura nzima. Waya wa kilovolti 220 unakuja mpaka Gitega.

Sasa gharama. Mpango wa mwanzo ulitaka ziwa kubwa, ambalo lingezamisha mabonde ya juu ya mto katika nchi zote tatu. Mtu asiyelima anaona bonde ni matope tu. Kwetu bonde ndilo linalolisha watu kiangazi, kilima kikikauka: maharage, viazi vitamu, mpunga. Mafunjo nayo yanachuja udongo, na samaki wanazaa humo. Ukiligeuza bonde kuwa ziwa lililotulia, unakaribisha mbu na konokono wa kichocho. Mwishowe walichagua bwawa dogo linalotumia maji yanavyopita, bila ziwa kubwa. Bei yake ni kwamba kiangazi mto ukipungua, na umeme unapungua. Mimi naona walichagua vizuri. Megawati chache za kiangazi ni nafuu kuliko maelfu ya familia bila shamba.

Lakini hata bwawa dogo halikosi wa kulilipia. Chini ya waya mkubwa hujengi nyumba wala kupanda miti mirefu, na mali ya walioguswa inaandikwa ili walipwe. Hapo mkimbizi ajiulize: siku ya kuandika, nani alisimama kwenye shamba langu? Migogoro ya ardhi ya wanaorudi ni ya zamani Burundi, ndiyo sababu mwaka 2006 serikali iliunda tume maalumu ya ardhi na mali nyingine. Nyinyi mnaosaidia watu kurudi, mbali na chakula cha miezi ya kwanza, mulizeni mtu kama kuna mradi wowote uliopita kwenye kilima chake tangu aondoke.

Na kuna udongo. Mvua ikinyesha Gitega, mito inageuka rangi ya chai ya maziwa. Vilima vimevuliwa miti kwa sababu tunapika kwa kuni na makaa, na Burundi ni takriban mtu mmoja tu kati ya kumi aliye na umeme. Hata huyo mmoja sufuria ya maharage bado anaiweka kwenye makaa. Basi umeme unapita juu ya kilima kwenda mjini, mama aliye chini ya waya anakata mti, udongo unashuka mtoni, na mto unaupeleka kwenye bwawa lilelile. Mchanga unakula mashine na kujaza bwawa. Fedha za kupanda miti na kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko huku juu zingehesabiwa kama sehemu ya mtambo, sawa na saruji.

Wenzetu wa Mahama, Rwanda, kambi iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi, wako chini kidogo ya Rusumo, ukingoni mwa mto huohuo. Maji ya kambi yanachotwa mtoni na kusafishwa kabla ya kufika bombani. Matope yanayotolewa humo, sehemu yake ni mashamba ya Gitega na Muyinga.