Ole Evinrude: fundi mhamiaji aliyefunga injini nyuma ya mtumbwi



Katika kurasa hizi za ukumbusho tumezoea kuwataja wazee wetu waliotangulia na wale waliotusaidia kufika salama. Safari hii tunaomba ruhusa ya kumkumbuka fundi mmoja ambaye si wa kwetu na aliyefariki mwaka 1934. Tuna sababu. Kila mmoja wetu aliyevuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, na tena mwaka 1998, kutoka Uvira, Baraka au vijiji vya pwani ya Fizi, akakaa juu ya mzigo wake huku akiisikiliza mashine iliyofungwa nyuma ya boti na kumwomba Mungu isizime, usiku ule alikuwa ameshikwa na kazi ya mikono ya fundi huyo. Wenzetu waliovuka kwa makasia wanaijua tofauti vizuri zaidi.

Jina lake ni Ole Evinrude. Alizaliwa Norwei mwaka 1877, mtoto wa kwanza katika familia kubwa ya watu wa kawaida. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi wazazi walihamia Marekani, wakaanza kilimo katika jimbo la Wisconsin karibu na ziwa dogo liitwalo Ripley. Shuleni hakukaa sana kwa kuwa shamba lilihitaji mikono. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alijitengenezea mashua ya tanga, na baba yake, ambaye hakutaka kusikia habari za maji, akaivunja. Kijana akatengeneza nyingine kwa siri, nayo ikaelea.

Alipofika miaka kumi na sita aliondoka nyumbani kwenda mji wa Madison, akaingia karakana kujifunza kazi ya chuma. Huo ndio ukawa mtindo wa maisha yake: mchana kazi, usiku vitabu vya ufundi. Alipita katika viwanda vya Pittsburgh vinavyoyeyusha chuma, akapita Chicago, mwisho akatua Milwaukee. Huko aliifahamu sana kazi ya kuchonga vielelezo vya mbao. Kwa asiyejua: kabla ya kipande cha mashine kumiminwa kwa chuma cha moto, lazima kwanza kichongwe mfano wake wa mbao, nao ndio unaoacha umbo katika mchanga wa kalibu. Mchongaji akikosea kidogo, chuma nacho hutoka na kosa hilo hilo. Ni kazi ya subira, na wanaoifanya huwa hawasemi sana.

Hapa tuseme wazi, ili tusichanganye mambo. Evinrude hakuwa mkimbizi. Wazazi wake hawakufukuzwa kwa bunduki, na huko walikofika waliweza kulima na watoto wao waliweza kwenda popote kutafuta kazi. Ukiangalia ufundi wake ulivyokua, utaona kwamba aliuokota njiani, karakana hadi karakana, mji hadi mji. Tunao vijana hapa kambini wanaotengeneza baiskeli, redio na majiko ya bati kwa ustadi, lakini hawawezi kutoka nje ya eneo bila kibali. Watu wanaposema vijana wa kambini hawana bidii, wakumbuke jambo hilo kwanza.

Huko Milwaukee ndipo alipokutana na Bess Cary, msichana aliyejua kazi za ofisi, akawa anamsaidia kuandika barua na kuweka hesabu za karakana. Walioana mwaka 1906, na mwaka uliofuata akazaliwa mtoto wao Ralph. Kisa kinachosimuliwa kuhusu mashine ni hiki. Siku moja ya joto kali walikwenda na marafiki kupumzika kwenye ziwa Okauchee. Bess akatamani aiskrimu. Ole akachukua mtumbwi, akapiga makasia kilometa kama nne kwenda dukani, akarudi akitokwa jasho, na aiskrimu imekwisha kuyeyuka. Akiwa njiani aliwaza kwamba kama gari linaweza kubeba injini, mtumbwi nao unaweza.

Haki itendeke: hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Mmarekani mwingine, Cameron Waterman, alikuwa ameuza mashine za namna hiyo miaka michache kabla, na wapo waliojaribu mapema zaidi. Alichofanya Evinrude ni kuipata iliyoaminika, ambayo mvuvi angeweza kuinunua na kuitumia bila kuwa mhandisi. Shina linalozungushwa na injini alilisimamisha wima, likateremka hadi majini, na huko chini akatia gia mbili zenye meno ya mshazari ili mzunguko ugeuke na kulizungusha panga linalosukuma maji. Chombo chote kikafungwa kwa skurubu kwenye ubao wa nyuma ya mtumbwi. Ukitaka kukata kona unaigeuza injini yenyewe, na ukifika ufukweni unaifungua na kwenda nayo nyumbani. Bess alipoiona mara ya kwanza alisema inafanana na mashine ya kusagia kahawa. Mashine za kwanza, 25 kwa idadi, zilitengenezwa kwa mkono mwaka 1909. Kila moja ilikuwa na uzito wa kilo 28 hivi na nguvu ya farasi moja na nusu. Hati ya kulinda uvumbuzi alipewa mwaka 1911.

Wanaoandika habari zake humtaja Ole sana na Bess kidogo. Sisi tunaona si sawa. Bess ndiye aliyetunga matangazo ya kuwaambia watu watupe makasia, ndiye aliyejibu barua, ndiye aliyeshika fedha. Maagizo ya wavuvi wa nchi za Skandinavia, huko huko alikozaliwa mumewe, yalipita mezani kwake. Alifanya hayo akiwa analea mtoto mdogo, na mwili ukachoka. Akaugua.

Basi mnamo 1914, wakati kampuni inakua kwa kasi, Ole alimuuzia mwenzake wa biashara sehemu yake yote. Aliahidi kutofanya tena kazi ya injini za mtumbwi kwa miaka mitano. Akamchukua mke na mwanawe, wakasafiri ndani ya nchi kwa gari na kwa boti ili Bess apumzike. Fikirini, ndugu zetu: mtu aliyeanza bila kitu, mtoto wa mhamiaji, anakiacha kiwanda chenye jina lake mlangoni kwa sababu mama wa nyumba hana afya. Kwetu sisi wengi tuliopoteza nyumba, maduka na mitumbwi kwa siku moja, kuacha mali si habari mpya. Lakini sisi tulinyang'anywa. Yeye aliiachia mwenyewe, na hatujasoma mahali popote kwamba alilijutia jambo hilo.

Mikono yake haikukaa bure. Miaka mitano ilipokwisha alikuwa amebuni injini mpya ya silinda mbili, yenye sehemu nyingi za aluminiamu. Ilizidi ile ya kwanza kwa nguvu, na uzito wake ulikuwa kilo 22 tu. Aliipeleka kwanza kwa yule mwenzake wa zamani, naye akaikataa. Jina Evinrude lilikuwa limebaki na kampuni aliyoiuza, kwa hiyo mwaka 1921 yeye na Bess walianza upya kwa jina la ELTO, ambalo ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya injini nyepesi ya Evinrude ya silinda mbili. ELTO ikafanikiwa. Mwaka 1929 kampuni hizo zikaungana, naye akawa mkuu wa zote, pamoja na ile iliyokuwa na jina lake.

Bess alifariki mwaka 1933. Ole alimfuata Julai 1934, akiwa na miaka 57. Ralph alishika kazi ya wazazi, na mwaka 1936 kampuni ikaungana na ya Johnson. Shirika lililotokana na muungano huo lilifilisika mwaka 2000, na mwaka 2020 wamiliki waliofuata waliacha kutengeneza injini za jina la Evinrude.

Injini nyingi za Ziwa Tanganyika ni za Kijapani, na kiwanda cha Yamaha kilianza kuzitengeneza mwaka 1960 tu. Lakini mwombeni fundi yeyote wa ufukweni Kigoma awafungulie moja. Mtaona shina limesimama wima, na chini kabisa, ndani ya oili nyeusi, gia zenye meno ya mshazari zimeumana.